Hakimu Katika Gunia la Bluu

Mama Makopo aliweza kuvumilia nyoka. Hata nyoka alipopigiwa makofi na shule nzima, alijikaza akacheka kwa meno ya mbele. Kilichomshinda ni kenge.

Lakini twende polepole, maana mwanamke huyu alikuwa na heshima zake kabla ya hao wenye mikia kuingia nyumbani kwake. Kwa miaka mingi, ukitaja taka katika mji ule umemtaja yeye. Alizunguka shule hadi shule na mtu wa mabati aliyemuunda kwa mikono yake, jina lake Bwana Debe: kichwa birika, kifua debe la mafuta ya kupikia, mikono makopo ya maziwa yaliyounganishwa kwa waya, viatu makopo ya samaki. Kifua cha Bwana Debe kilikuwa na mlango. Ukitupia kitu humo anatikisa kichwa, kifuniko cha birika kinagonga ngwe! na watoto wanaimba kitu hicho kinakwenda gunia gani. Makopo gunia jekundu, karatasi gunia la kijani, plastiki ngumu gunia la bluu. Wimbo aliutunga mwenyewe akifua nguo, na ulikuwa wa aina ile inayoganda kichwani kama papasi. Katika wimbo mlikuwa na sheria kubwa ya Mama Makopo: kisicho mkononi mwa mtu ni taka, kipeleke guniani.

Inasemekana mtoto mmoja aliushika wimbo ule barabara, mpaka babu yake akaamka asubuhi akakuta meno yake ya bandia yako gunia la bluu. Mjukuu hakufanya utundu. Ni plastiki, ni ngumu, na hayakuwa mkononi mwa mtu.

Mumewe ndiye aliyeendesha gari. Alikuwa dereva wa basi mpaka alipostaafu, na watu waliendelea kumwita Dereva. Siku zile maisha yalikuwa matamu: Dereva kwenye usukani, Bwana Debe kiti cha nyuma amefungwa mkanda, na Mama Makopo dirishani anawapungia watoto mkono kama bibi harusi.

Halafu wifi akahamia.

Wifi huyu, dada mdogo wa Dereva, alikuwa amefanya kazi ujana wake wote katika bustani ya nyoka, na watu walimwita Bi Magamba. Bustani ilipofungwa, wafanyakazi waligawana wanyama kama vile wengine wanavyogawana viti na makabati. Akaja kwa kaka yake na masanduku. Dereva alimpokea kwa machozi ya furaha. Mama Makopo naye alitoa machozi, ila ya kwake yalianza alipoona foronya yake nzuri kuliko zote, ile ya maua, ikijikunjakunja yenyewe juu ya meza.

"Wifi, kuna nini ndani ya foronya yangu?"

"Chatu, wifi yangu. Nyoka hasafiri vizuri sandukuni, anajigonga. Anataka kitambaa laini."

"Na mimi nilalie nini?"

"Wewe hujigongi."

Haikuchukua muda nyumba ikajaa. Chatu alipewa nafasi chini ya kabati la vyombo. Kobe akawa anawahi mezani kuliko watu. Kinyonga alipanda pazia la sebuleni lenye maua ya kila rangi, akajaribu kufanana nalo lote kwa pamoja, akaanguka kwa uchovu, akalala kutwa nzima akiwa mweupe kama karatasi. Ukitaka kubisha, kamuulize Dereva, ndiye aliyempepea. Na katika beseni la bafuni akakaa chura mmoja mkubwa, mnene, mwenye kidevu cha tabaka tabaka. Hakulia, hakuruka. Alikaa tu akikutazama kama mtu anayesubiri umalize kujitetea. Bi Magamba alimwita Hakimu, na alimpenda kuliko wote. Mama Makopo akaanza kuoga harakaharaka, amempa mgongo.

Hayo yote angeyameza. Lakini jioni moja aliingia jikoni akamkuta mumewe amejifunga aproni, anapasha maji.

"Ya nani hayo, mzee?"

"Ya chatu. Dada anasema tumbo likipoa chakula hakisagiki. Namtilia kwenye chupa, namwekea ubavuni."

Mama Makopo akatoka. Alikuwa ameolewa na mwanamume huyu tangu kichwa chake kina nywele. Hakuwahi kupashiwa hata kikombe.

Kisha Bwana Afya akaja kunywa chai. Huyu alikuwa afisa wa afya wa mji, ndiye aliyekuwa akimwombea Mama Makopo nafasi mashuleni, mtu mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi ndani ya mfuko. Alimwona chatu akitokeza kichwa chini ya kabati, akapanda juu ya kiti. Hapo juu ya kiti ndipo wazo lilipomjia.

"Mimi naona onyesho moja!" alisema akiwa bado hukohuko juu. "Wanyama hai pamoja na ujumbe wa urejelezaji! Watoto waje kwa ajili ya nyoka, waondoke na habari za taka!"

Bwana Afya alilipenda sana neno urejelezaji. Hakuwahi kulitamka akiwa ameketi.

Basi wakaanza kwenda pamoja. Nyuma ya gari, Bwana Debe akavuliwa mkanda ili kobe apate kiti. Katika onyesho la kwanza Bi Magamba alimtoa chatu, watoto wakapiga kelele hadi njiwa wa paa la shule wakahama. Mama Makopo akasimama nyuma ya pazia, akacheka kwa meno ya mbele, akajiambia: sawa, nyoka ni nyoka, hata mimi ningepiga kelele. Zamu yangu inakuja.

Ndipo akatolewa kenge.

Kenge yule alikuwa na kovu shingoni, pete nzima, jekundu kama mdomo uliopakwa rangi. Bi Magamba alimlaza begani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye usingizi, akaongea kwa sauti ya chini. Sauti ya chini! Mama Makopo miaka yote alipayuka mpaka koo likakauka, huyu ananong'ona tu, na shule nzima inazuia pumzi ili imsikie.

"Mkitaka kumtukana mwenzenu mnamwita kenge," alisema. "Haya, mtazameni. Aliingiza kichwa ndani ya kopo akitafuta makombo, kopo likakataa kutoka. Akatembea nalo haoni mbele wala nyuma, bati linamkata kila akigeuza shingo. Mimi ndiye niliyelivua. Sasa niambieni, nani kati yenu alilitupa?"

Mtoto mmoja wa mbele akaanza kulia kimyakimya. Mwingine akainuka, akaenda mpaka mtaroni, akaokota kopo, akarudi nalo amelikumbatia. Akainuka wa pili. Wakainuka mstari mzima. Bila filimbi, bila wimbo, bila Bwana Debe kutikisa kichwa hata mara moja.

Mama Makopo alikuwa na mkono ndani ya shingo ya mtu wake wa mabati, na joto likampanda kutoka visigino hadi utosini.

Kopo! alilia moyoni. Nyoka ni wako, mchukue. Kobe wako, kinyonga wako, hata mume wangu mchukue akupashie maji. Lakini kopo? Kopo ni langu! Mama Makopo ni mimi!

Zamu yake ilipofika alitoka na Bwana Debe mbiombio. Mtoto wa mbele alimtazama yule mtu wa mabati kwa makini, akauliza kwa adabu, "Bibi, na huyu anauma?"

"Haumi."

"Ahaa," akasema mtoto, akageuka kutazama kenge alikopelekwa.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na hali ya hewa yake. Mawifi walisalimiana kwa maneno matamu yenye miiba ndani.

"Wifi, umeamkaje? Naona Bwana Debe anapata kutu kidogo kwenye goti. Pole."

"Asante, wifi. Afadhali kutu. Wengine wanajichuna ngozi nzima wanaacha kwenye zulia langu."

"Ngozi ya chatu wenzako wanaililia, wifi."

"Waje waichukue, na mwenyewe wamchukue."

Dereva alikaa katikati akitafuna taratibu, macho kwenye sahani. Dereva wa basi anajua wakati wa kutogeuka nyuma.

Bwana Afya ndiye aliyetia mafuta kwenye moto. Alikuja akitabasamu, akatangaza kwamba ofisi yake imepata gari jipya, jeupe, kwa ajili ya onyesho. Litapakwa rangi. Ubavuni itachorwa picha moja kubwa, ya kinara.

"Ya nani?" wakauliza mawifi kwa pamoja.

"Ya mmoja wenu. Mwingine atakuwa msaidizi. Ijumaa tuko shule kubwa, nitakaa mbele nitazame. Yule ambaye watoto watamfuata kweli kweli, huyo ndiye kinara."

Mama Makopo hakulala vizuri wiki ile. Akifumba macho aliliona gari jeupe likipita mjini na kenge ubavuni, mkubwa kama nyumba, ametoa ulimi, na yeye mwenyewe nyuma ya gari anabeba ndoo ya kinyesi cha kobe. Akimwamsha mumewe amwambie, mumewe alikuwa anasema tu, "Lala, mama, mambo madogo haya." Mambo madogo! Mwenye picha ni mwingine!

Akafanya kazi. Bwana Debe alisuguliwa kwa mchanga mpaka akawa kioo, akawekewa balbu mbili kwa macho na kengele ya baiskeli mahali pa kitovu. Na kwa siri akaenda karakana ya mji kuomba lile gari la taka lenye taya, lile linalofungua mdomo nyuma, linameza magunia na kuyabana mpaka yanalia. Liingie uwanjani mwisho wa onyesho. Wifi alikuwa na kenge wa kutisha? Yeye alikuwa na mnyama wa chuma asiye na mfano.

Ijumaa ikafika. Uwanja ulikuwa mchafu kupita kiasi, na hilo lilimpendeza Mama Makopo. Walimu waliketi mstari wa mbele, Bwana Afya katikati yao, mikunjo ya suruali yake ingeweza kukata mkate.

Kabla hawajaanza, Bi Magamba alikumbusha sheria yake ya kazi, kama alivyokumbusha kila mara. Mnyama akipotea wakati wa onyesho, hakuna kutangaza. Ukitangaza, watoto watakimbia, watakanyagana, na mnyama atakanyagwa nao. Unavua kitambaa cha kichwa unakifunga kiunoni, wenzako wataelewa, mnatafuta huku mnatabasamu.

"Mimi sijapata kupoteza mtu wa mabati," alisema Mama Makopo.

"Yeye hana pa kwenda, wifi."

Bi Magamba alianza na chura, maana jua lilikuwa kali na chura hatakiwi kukauka. Alilowesha mikono yake kwanza kwa maji ya chupa, akawaonyesha watoto. "Mkono mkavu unamchubua. Huyu hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi. Ukimwaga sabuni au rangi mtaroni, umeimwaga ndani ya mwili wake." Mama Makopo aliyasikia maneno hayo kwa mara isiyojulikana ya ngapi, akazungusha macho. Hakimu akaonyeshwa, akawatazama watoto wote kama amewakuta na hatia, kisha akarudishwa ndani ya chombo chake cha safari: kindoo cheupe cha aiskrimu, kifuniko kimetobolewa matundu madogo. Kikawekwa chini, kivulini mwa meza. Dereva ndiye aliyeachiwa kukilinda.

Lakini chatu alipotoka siku ile alikuwa na uchangamfu, akataka kwenda kuwaamkia walimu. "Kaka, shika mkia!" akaita Bi Magamba. Dereva akaenda kushika mkia. Kindoo kikabaki chini peke yake, hakimo mkononi mwa mtu.

Kenge akaja akafanya yake. Watoto wakalia, Bwana Afya akatoa kitambaa akafuta jicho. Mama Makopo alikiona kitambaa kile, na kilimuuma kuliko kovu la kenge.

Zamu yake. Akatoka na Bwana Debe anayeng'aa, macho yanawaka, kitovu kinalia kring! Watoto wakacheka. Kicheko kizuri, cha zamani. Moyo wake ukapanda. Akapuliza filimbi, akapaza sauti:

"Kisicho mkononi mwa mtu!"

"Ni taka!" shule nzima ikaitikia.

"Kiende wapi?"

"Guniani!"

Wimbo ukaanza, watoto wakamwagika uwanjani kama maharage yaliyopasua mfuko. Vumbi likatimka. Chupa, karatasi, makopo, vifuniko, sandali bila mwenzake, kila kitu kikanyakuliwa. Uwanja ulisafishwa hadi inasemekana hata siafu walipanga mstari upya. Bwana Afya alikuwa amesimama! Amesimama, na hakuwa anasema urejelezaji, alikuwa anapiga makofi!

Hapo ndipo Mama Makopo alipomwona msichana mmoja mdogo, kalamu sikioni, anatoka chini ya meza. Mikononi amekumbatia kindoo cheupe. Akakigonga kwa kidole kama alivyofundishwa, kusikia kama ni plastiki ngumu. Ngumu. Akakipeleka moja kwa moja gunia la bluu, akakipanga vizuri juu ya vingine, akakimbia kutafuta kingine.

Mama Makopo alifungua mdomo.

Kulikuwa na nafasi ya kusema. Lakini angesema nini? Simamisheni wimbo, chura wa wifi kapotea? Na wote wageuke kumtafuta chura, na wamzunguke chura, na Bwana Afya afute jicho lingine kwa ajili ya chura? Wimbo ukiisha nitasema, alijiambia. Gunia liko palepale, halina miguu.

Wimbo ukaisha.

"Rudia!" akapiga kelele Bwana Afya. "Rudia, Mama Makopo!"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Yeye alirudia.

Katikati ya wimbo wa pili mngurumo ukasikika getini, na gari la taka likaingia uwanjani na taya wazi. Watoto wakaimba kwa nguvu zaidi. Mwendesha taya, amevaa vizuia kelele masikioni, akaanza kurusha magunia: mekundu, kisha ya kijani. Taya ikafunga, ikabana, ikafunguka. Makopo yalilia kama yanasaga meno.

Mama Makopo akageuka kumtafuta wifi yake. Bi Magamba alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza. Kitambaa hakikuwa kichwani. Kilikuwa kiunoni.

Alikuwa anatabasamu, kama sheria inavyotaka, ila tabasamu lilikuwa la midomo tu. Mikono ilikuwa inapapasa chini ya meza mahali ambapo ilikwisha papasa. Mama Makopo alikuwa ametamani tangu siku ile ya foronya kumwona mwanamke huyu ameishiwa na maneno. Sasa alimwona. Hakukuwa na ladha yoyote ndani yake.

"Simamisha!" akapiga kelele.

"Simamisha!" shule nzima ikaitikia, ikapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya wimbo. Aliwafundisha mwenyewe: Bibi akitoa neno, lirudie.

"Nasema simamisha gari!"

"Nasema simamisha gari!"

Yule wa taya akatikisa kichwa kufuata makofi aliyoyaona, akarusha magunia ya bluu. La kwanza. La pili. Akavuta kishikio.

Mama Makopo hakuwa mtu wa kukimbia. Walioshuhudia wanasema siku ile alikimbia mpaka viatu vikabaki nyuma vinamtafuta. Alifika penye taya inashuka, na mkononi hakuwa na kitu kingine ila mtu wake. Akamshika Bwana Debe kiuno na shingo, akamsukumia katikati ya meno.

Kring! ikalia kengele ya kitovu. Kisha sauti ya bati ambayo hakuisahau tena. Birika likakunjamana, kifua kikaingia ndani, macho yakazimika moja baada ya jingine. Taya ikakwama. Gari likatetemeka, likakohoa, likazimika.

Hata wimbo ulikatikia njiani.

Mama Makopo alihema. Akakumbuka sheria ya wifi, usitangaze, akageuka kwa watoto na tabasamu la midomo tu.

"Wanangu. Kindoo cheupe, cha plastiki ngumu, kitakuwa gunia gani?"

"La bluu!"

"Haya, wakubwa wayashushe ya bluu. Taratibu, msiyatikise, kama mnashusha mayai."

Hakukuwa na haja ya kumwaga taka zote za uwanja. Watoto walikuwa wamechambua bila kosa hata moja. Ndani ya bluu hamkuwa na karatasi wala kopo. Msichana wa kalamu alikuwa wa kwanza kukiona kindoo. Alianza kukiinua, akaona matundu kwenye kifuniko.

"Bibi, mimi ndiye niliyekiweka. Kilikuwa chini. Hakikuwa mkononi mwa mtu."

"Ulifanya sawasawa, mjukuu wangu. Mwenye kosa ni aliyekuona akanyamaza."

Alisema kwa sauti ya chini. Bahati mbaya, Bi Magamba alikuwa amekwisha fika nyuma yake.

Mama Makopo akaomba chupa ya maji, akalowesha mikono yake, kiganja na vidole, mpaka ikachuruzika. Ndipo akafungua kifuniko. Hakimu alikuwa amekaa vilevile, mzima, kidevu tabaka tabaka. Alimtazama kama mtu anayesubiri umalize kujitetea.

Akamtoa, akamnyanyua juu. Na hapo, mashahidi wapo, Hakimu ambaye hakupata kulia tangu azaliwe alifungua mdomo na kutoa sauti moja, nzito, iliyofika hadi barabarani.

Shule ililipuka. "Hakimu! Hakimu! Hakimu!" Walimu nao walikuwamo. Bwana Afya alikuwa amesahau mikunjo ya suruali, amekaa chini mavumbini kati ya watoto, anapiga kelele kama wao.

Wakashika njia ya kurudi. Bwana Debe alikuwa ametolewa kwenye taya akiwa bapa kama sinia. Mama Makopo hakuweza kumtazama. Bi Magamba ndiye aliyempakata, amemfunika kwa ile foronya ya maua.

Gari lilipokaribia nyumbani aliuliza, bila kugeuza shingo, "Wifi. Ulikiona kindoo wimbo wa kwanza au wa pili?"

Dereva alizidi kukaza macho barabarani.

Mama Makopo alitazama nje ya dirisha. "Wa kwanza."

Bi Magamba akanyoosha waya mmoja wa mkono wa Bwana Debe, ukarudi kujikunja, akaunyoosha tena.

"Basi beseni la Hakimu utalisafisha wewe. Kila asubuhi. Bila sabuni."

"Nitasafisha."

"Na goti hili tutalipaka mafuta. Kutu ilikuwa imezidi, sikusema ili kukuudhi tu."

"Ulisema ili kuniudhi."

"Kidogo," alikubali wifi.

Wiki hazikupita nyingi, gari jipya likaletwa mlangoni. Bwana Afya alishuka mwenyewe, akalivuta turubai lililolifunika kwa mikono miwili. Mawifi walisimama bega kwa bega, kila mmoja amevaa nguo yake ya sherehe, maana kila mmoja alikuwa na matumaini yake.

Ubavuni, toka gurudumu la mbele hadi la nyuma, alichorwa Hakimu. Kijani, mnene, anang'aa, kama vile mji wote ni wake. Juu yake: ONYESHO LA HAKIMU. Chini kabisa, karibu na bomba la moshi, walichorwa wanawake wawili wadogo kama mbaazi. Mmoja ana kenge, mwingine ana sinia.

"Watoto ndio waliochagua," alisema Bwana Afya. Akasimama wima. "Kwa ajili ya urejelezaji."

Alipoondoka, mawifi wawili waliendelea kusimama.

"Angalia kidevu walivyomchora," alisema Mama Makopo. "Wamempunguza."

"Wamempunguza sana. Na macho wamempa kope. Chura ana kope, wifi?"

"Anayependwa anapewa hata nyusi."

"Na nani aliyemlea? Mimi."

"Na nani aliyepoteza mtu wake kwa ajili yake? Mimi."

"Yeye kafanya nini? Kakaa."

"Kakaa tu! Ndani ya ndoo!"

Walikuwa wameshikana mikono bila kujua. Dereva akatokea mlangoni na aproni yake, uso umejaa furaha, jasho la jikoni linamtiririka, kama mtu ambaye hatimaye amefikiria jambo la maana.

"Mama, nimekupashia maji ya kuoga," alisema. "Ya moto, vizuri kabisa. Ila subiri kidogo, Hakimu bado yumo bafuni na sikutaka kumsumbua."